Mirathi

Tulipoanua matanga ya Mihambo
tuligawana: baiskeli, mizinga kumi na mmoja,
njumu zenye udongo wa uwanja wa shule.
Mshipa hakuna aliyeutaja.

Daktari wa Tabora aliuchora nyuma ya bahasha:
ulipaswa kuchipuka kushoto,
wake ukachipuka kulia, ukajibana
katikati ya mabomba mawili makubwa.
Kijana akikimbia, mabomba yanavimba.

"Mmebaki wangapi?"
Watano.
"Na baba?"

Baba alianguka bandani
na fungu la tumbaku mkononi.
Tukasema ni jirani.
Miaka tisa hatujampa salamu mzee Lusangija,
hata moto hatujamwomba.

Basi tumetoka Urambo alfajiri, nauli ya tumbaku,
tumepanga foleni kwa kuzaliwa.
Nzigula hataki kuvua shati.
Milembe anauliza kama ile jeli inaliwa.
Mimi nalala ubavu wa kushoto;
kwenye kioo kitu cha kijivu kinabisha, kinabisha,
miaka thelathini na nne kimo ndani
na bado kinabisha.

Wanne tumeambiwa nendeni.
Nzigula ameandikiwa Dodoma, picha kubwa zaidi,
na asicheze mpira.
Njumu za marehemu zilimwangukia yeye.

Jioni mama hakupitiliza kwetu.
Alikata kona kwenye uzio wa minyaa,
akavua kandambili, sijui kwa nini,
akasimama uani kwa Lusangija
mdomo wazi, hodi haitoki.