Doa la Manjano

Blauzi yangu nyeupe imerudi Igogo
imekunjwa vizuri kuliko nilivyoitoa.
Holo aliiomba kwa ajili ya ubatizo, Nyegezi,
ndivyo alivyosema,
akairudisha ndani ya mfuko wa rambo
akapita zake chumbani bila neno.
Nikaikunjua. Aha.
Doa.

Nilianza na matusi, halafu nikateka maji.

Kila doa lina mlango wake, alikuwa akisema mama,
aliyewafulia watu Capri Point miaka kumi na saba.
Mafuta ya sato yapake unga wa muhogo, yalale,
usiyakimbilie na maji,
yatatawanyika kama samaki waliosikia kasia.
Yai na maziwa, maji ya baridi, baridi kabisa;
ukiyamwagia ya moto umeyapika,
yataoana na uzi.
Zambarau, ndimu na chumvi.
Utomvu wa ndizi, basi tena,
shukuru umepata nguo ya shamba.

Manjano hakuyasemea sana.
Alisema tu: yakiona sabuni yataona haya.

Na kweli. Nilipopitisha mche wa sabuni
njano ikageuka nyekundu, nyekundu ya tofali bichi,
nikaruka, nikadhani nguo nimeiua.
Mtoto wa jirani akachungulia beseni:
Shangazi, umejikata?
Hapana. Ni mchuzi.
Mchuzi unaona haya.

Hapo ndipo nikaangalia lilipo.
Mlaji hujimwagia kifuani,
mtoto mapajani,
mlevi mgongoni, Mungu ndiye ajuaye vipi.
Hili lilikaa ndani ya kiwiko cha kushoto,
pana, limelegea pembeni,
na kwenye mshono imenasa nywele moja fupi,
nyeupe, ya kidevu.
Mkono wa kushoto hauli.
Mkono wa kushoto hushika kichwa cha mtu
wakati wa kulia unapeleka kijiko.

Nikainua macho. Bugando kule juu,
madirisha yote yanawaka jua.
Siku kumi na tisa baba yumo mle.
Siku kumi na tisa nimesema nina kazi.
Sababu ninayo, na si ya kuanikwa nje pamoja na nguo.
Holo anayo hiyo hiyo, tuligawana sawa
kama doti moja ya kanga, kila mtu upande wake.
Yeye ameenda.
Ameenda na blauzi yangu.

Sikufikicha tena. Nilisuuza mara tatu
nikapanda mwambani nyuma ya nyumba,
lile jiwe letu lenye kitambi
linalomeza joto tangu asubuhi,
nikaitandaza, kiwiko kikitazama jua.
Manjano hayaogopi sabuni, jiki huyakasirisha tu.
Yanaogopa jua,
na jua halina haraka na mtu.
Nikakaa hapo kumfukuza kongoti mmoja,
mzito kama karani wa mahakama,
aliyetaka kujua kinachoendelea.
Chini, kivuko cha Kamanga kilikwenda,
kikarudi,
kikaenda.

Saa kumi njano ilikuwa imepauka. Kwisha, haijaisha.
Ukijua pa kutazama, ipo.
Nikaianua.

Jioni hii nimetoka Mkuyuni na sato mdogo.
Nimemchambua miiba kwa vidole, kisha kwa ulimi,
kisha kwa vidole tena.
Kitunguu. Nyanya mbili. Chumvi kidogo,
kama walivyosema wanasema madaktari.
Holo amepita mlangoni, amenusa, amesimama.
Unampikia nani?
Nikamwambia nishikie hilo hotipoti,
mfuniko wake unagoma.
Ameshika kwa mkono wa kushoto.

Kesho blauzi naivaa mwenyewe.
Manjano nimetia.
Kijiko kizima.