Dengu Mezani

Bibi Evanthia humwaga dengu mezani ili azichambue,
na kabla hajachambua huchora ufalme.
Huu mto: chumvi kidogo.
Hili daraja: kijiti cha kiberiti.
Huku, upande wa kikombe, jeshi la mfalme,
na ndani yake Lambros, kaka yake wa kwanza,
aliyeandikishwa kwa nguvu, buti zimempwaya.
Kule, nyuma ya mkate, waasi wa mlimani,
na ndani yao Stathis, kaka yake wa pili,
aliyepanda Gramos na bunduki ya kuazima
na soksi alizofumiwa na mama yuleyule
aliyefuma za Lambros.
Uzi mmoja. Kondoo mmoja.

“Sasa,” anasema, “theluji haikuanguka.”

Hapo historia huanza kupinda.
Katika ile nyingine, iliyochongwa kwenye jiwe la uwanjani
na yenye jina la kaka mmoja tu,
msichana wa miaka kumi na miwili
ana barua ya mama ndani ya kiatu:
*Lambros, usivuke leo. Aliye ng'ambo ni mdogo wako.*
Njia ikampotea. Akakuta tanuri la wachoma mkaa,
akasema ataota moto kidogo tu.
Akalala.
Daraja liliruka alfajiri.
Anasema alilisikia kwenye meno.

Katika hii ya mezani tanuri limezimika,
msichana anafika, vidole vya miguu vimekufa ganzi,
Lambros anasoma, anajishika tumbo,
anamwapia kapteni kwamba linamwendesha,
na kikosi kizima cha mfalme kinasubiri mtu mmoja
amalize haja zake kichakani.
Ng'ambo, Stathis anachoka kulenga giza.
Anapiga mluzi ule wa kuitia mbuzi.
Giza linamjibu.

Baada ya hapo dengu husogea mbio
chini ya kidole chake chenye baridi yabisi:
watoto waliopelekwa Tashkenti wanarudi kinyumenyume
hadi vitandani mwao, viatu miguuni;
shule ya Mavrolithi ina wanafunzi tisini
na mwalimu mwenye fimbo;
kisiwa cha wafungwa kinakaa mbuzi peke yao;
picha ya mfalme imening'inia kombo mkahawani
na wanywaji wanaitukana kwa zamu,
bila kugeuka kuona ni nani kaingia.

“Usidhani walipatana,” ananionya.
“Walishtakiana miaka kumi na mmoja
kwa mpaka wa shamba la zabibu.
Hawakusalimiana hata Pasaka.
Lambros alicheza karata mpaka akauza nyumbu.
Stathis alizeeka vibaya, mlevi, mbishi.
Stathis angali…”

Kidole kikasimama juu ya daraja.
Sikujua kama neno limekwisha,
kama angali hai, amekaa nje juani
akilaani bei ya mafuta,
au kama lilikuwa na mkia bado:
angalikuwa.
Sikuthubutu kulimalizia.

Badala yake nikapiga hesabu zangu.
Babu Thanasis alikutana naye Yanina,
kwenye foleni ya gereza, mwaka wa pili,
yeye akimpelekea baba yake sabuni,
babu akimpelekea shangazi vitunguu.
Daraja lisiporuka, baba hakamatwi.
Baba asipokamatwa, sabuni inabaki nyumbani.
“Na mimi, bibi? Hapa mezani niko wapi?”

Akatazama muda mrefu, jeshi hili, jeshi lile,
akapekua, akapekua,
akaibuka na kijiwe cheusi,
akakitia kiganjani mwangu na kukifumba.
“Huyu hapa. Angemvunja mtu jino.”

Kisha akalaza mkono, akaukokota ufalme wote,
wa kikombe na wa mkate, pamoja na mto wake,
hadi ukingoni, ndani ya sufuria.
Daraja alilitumia kuwashia jiko.

Tulikula saa saba, kwa siki na kitunguu.
Zilikuwa zimezidi chumvi. Hakuna aliyesema.
Kile kijiwe kingali mfukoni mwangu.