Rangi Aliyoisaini Bwana Ndahani

Nilimwonyesha waridi kwenye kioo cha kompyuta,
akakubali kwa kichwa, akasaini.
Siku ya tatu fundi Chilongani akapaka ukuta wa mbele wa sinema,
ule unaotazama reli,
kati ya nguzo za chungwa na madirisha ya kasuku,
na ukuta ukapiga kelele.

"Hii si waridi," Bwana Ndahani akaniambia kwenye simu.
"Hii ni fizi."

Basi nikaazima kidude cha kupimia rangi
kwa Sechelela wa studio ya picha.
Kidude chenyewe kama kobe mdogo mweusi:
unakining'iniza usoni mwa kioo,
unazima taa, unashusha pazia,
hata simu unailaza kifudifudi.
Kisha kioo kinaanza kukiri, rangi moja moja,
nyekundu,
kijani,
buluu,
halafu kijivu, kijivu, kijivu,
ngazi ishirini za kijivu kutoka usiku wa manane hadi saa sita mchana.

Nikakodoa macho gizani.
Nimewahi kukaa hivi.

Jumamosi, benchi la mbele, shingo imepinda,
maganda ya karanga yakilia chini ya ndala.
Mama alikuwa akikata tiketi dirishani,
ndiyo maana nikaingia bure.
Pazia la picha lilikuwa na kiraka upande wa kulia:
kila farasi aliyepita pale alichechemea.
Theluji tuliiona mara ya kwanza juu ya kitambaa kile,
na hakuna mtoto wa Chang'ombe aliyetilia shaka weupe wake.
Juzi Chilongani amelikuta stoo, limekunjwa.
Ni rangi ya chai ya maziwa.

Kobe akamaliza kazi. Hukumu ikatoka:
kioo chako kinapenda buluu kupita kiasi.
Kwa muda gani? Haikusema.
Nimekinunua miaka sita iliyopita.
Sita! Kadi za harusi, vipeperushi vya mazishi,
nembo ya ushirika wa wakulima wa zabibu
(zabibu zangu zilitoka kiwandani nyekundu kama nyanya,
wakulima wakashukuru, wakalipa).
Nikakisahihisha. Nikafungua upya waridi ya Bwana Ndahani.

Fizi.

Nikaenda ukutani na namba mpya mfukoni na radhi mdomoni.
Chilongani alikuwa anakwangua mlango wa pembeni:
chini ya nyeupe, kijani ya ofisi za serikali,
chini ya kijani, manjano iliyokauka kama ugoro,
chini ya manjano, samawati,
chini kabisa saruji, na saruji haina maoni.
"Usipoteze hela ya mtu," akasema bila kugeuka.
"Huu ni mwezi wa tisa."

Upepo ulivuma siku tisa,
ule wa Dodoma unaoingia hata kwenye sukari iliyofunikwa.
Ukapiga ukuta mkono wa tatu wa rangi, bila malipo.
Siku ya kumi Bwana Ndahani akashuka kwenye pikipiki,
akavua miwani, akaifuta, akaivaa.
"Sasa ndiyo hii. Hii ndiyo niliyosaini."
Chilongani akanitazama.
Mimi nikatazama reli.

Nyumbani kioo changu sasa hakidanganyi,
na kila kilichomo ni kigeni kidogo.
Nimefungua picha ya mama, amesimama mlangoni mwa sinema
na kitabu cha tiketi kwapani.
Gauni lake, miaka yote hii zambarau,
kumbe ni damu ya mzee.
Nimelitazama mpaka chai ikapoa.
Halafu nimeirudisha buluu,
kidogo tu,
kwa usiku mmoja.

Desemba mvua itaosha ukuta.
Nitafute mapema la kumwambia Bwana Ndahani.