Bolti Nne

Tulianzia kwa Pettit, kibandani, penye chipsi,
maana safari zote za utotoni zilianzia hapo.
Siki bado yachoma pua toka ng'ambo ya barabara.
Siku hizi anayekaanga ni binti yake; katutazama sana,
katuongezea kipande cha samaki bila kutuuliza majina.
"Njia ya juu imefungwa," akasema. "Lakini watu wanapita."

Basi tukapita.
Leonard mbele, mfukoni spana na bolti nne,
kwa kuwa barua ya halmashauri ilisema benchi limelegea.
Limelegea. Neno la mtu aliyeketi ofisini.

Kushoto, gofu ya watoto: kinu cha mbao
kimebaki na mapanga mawili, kinazunguka kwa kuchechemea.
Hapo Leonard alilia mwaka ule wa mpira uliopotea,
baba akanunua mwingine, akatukataza kumwambia mama.
Mama alijua. Alijua bei ya kila kitu.
Na vile vyumba vya kubadilishia nguo, bluu, njano, bluu,
vimekokotwa nyuma hadi kwenye maegesho,
vimejipanga vikikodolea magari
kama wageni waliokosea nyumba ya arusi.

Halafu nyasi zinakwisha.

Si kupungua. Zinakwisha, kama mkate uliomegwa.
Februari tufani ililala hapa siku tatu,
na genge, ambalo miaka yote lilikuwa mchanga
na udongo wa mfinyanzi uliojifanya jiwe,
likaenda usiku, pande kwa pande.
Safu za karavani zilikuwa saba. Nihesabu: nne.
Yetu ya kupanga ilikuwa safu ya kwanza, namba kumi na mbili.
"Mbele kabisa," mama akijigamba kwa majirani,
"hakuna wa kutuziba bahari."
Kweli, hakuna.
Bomba la maji la safu ile limechomoza hewani,
koki yake imekazwa barabara,
kana kwamba aliyeondoka mwisho aliogopa kupoteza tone.

Benchi tuliliona chini.
Halikuvunjika. Limeshuka na bonge lake la udongo,
limesimama mchangani, limezama hadi magotini,
zege limeng'ang'ania miguu,
linatazama kulekule.

Leonard akatoa spana, akaitazama,
akairudisha mfukoni taratibu kama mtu aliyetoa noti kubwa
akakuta duka limefungwa.
Mimi nikaanza kucheka. Naye akacheka, mpaka akashika magoti.

Tukashuka kwa ngazi za Ostwick, nusu saa ya kuzunguka,
tukaja kwa ukingo wa maji, mbali na ukuta
unaomwaga vijiwe kila upepo ukikohoa.
Kibao cha shaba kimejaa chumvi.
Nikakwangua kwa ukucha, nikaanzia kwenye E,
maana ile H imekwisha kuliwa:
ESTER LUDKIN, ALIYEPAPENDA HAPA.
"Hapa wapi?" akauliza Leonard.
Sikumjibu. Nilikuwa nakwangua.

Maji yalikuwa yanajaa; tulikuwa na robo saa.
Akafungua chipsi, baridi, zimelainika kwa siki,
akatandaza karatasi katikati yetu,
pale ambapo angeketi mtu mwembamba.
Shakwe akatua mkononi mwa benchi, akatukagua
jicho moja moja, kama mpangaji mpya
anayengoja wa zamani wamalize kufungasha.

Bolti zote nne ninazo mimi sasa,
kwenye bakuli la funguo, mlangoni.