Ramani ya Chelewa

Nimevunja ufagio wa skuli mbele ya darasa la sita.
Bi Kazija mfagizi atanidai, najua.
Chelewa arubaini na ngapi sijui, zimetandazwa sakafuni,
zilizonyooka nimezilaza zilivyo,
nyengine nimezikunja kwa mate na subira,
na penye fundo la uzi, simbi moja moja.

"Mwalimu," anasema Hadia, "hii si takataka?"

Hii ramani, nawaambia.
Chelewa iliyopinda ni wimbi likigonga kisiwa na kurudi.
Simbi ni kisiwa.
Watu wa bahari ile ya upande wa pili wa dunia
waliikariri kama mnavyokariri juzuu,
kisha wakaiacha nyumbani,
wakaondoka nayo kifuani tu.

Hawakuwa na dira.
Usiku mwongozaji alilala chali ndani ya mtumbwi,
mgongo kwenye ubao, macho kayafumba,
akiyasikiliza mawimbi kwa uti wa mgongo:
hili la kusini, refu, la siku zote;
hili dogo lijalo mshazari, hili limegonga kitu.
Limegonga nini?
"Konde!" anapiga kelele Mbwana,
na darasa zima linacheka, kwa sababu hapa ni Konde.

Kwao mtumbwi hauendi.
Mtumbwi umesimama, nyota zinapita juu,
na kisiwa ndicho kinachokuja.
Nashika simbi, naisogeza taratibu
mpaka iguse kidole cha mguu cha Hadia.
Kisiwa kimefika. Kanyamaza, hajui ashuke vipi.

Na Kilimia, Kilimia hiki hiki
kinachowatoa baba zenu na majembe,
huko nako kilifungua mwaka.

Kisha nawatoa nje, penye mshelisheli,
ule unaotuangushia matunda juu ya bati siku za mtihani.
Tafuteni kokwa, nasema.
Wanapasua tunda bovu, wanachimba kwa vidole,
utomvu unawaganda kama gundi.
Hamna kokwa.
Basi haukuelea wenyewe kama nazi.
Jina umelipata njiani, kwa jirani;
asili yake iko mbali kuliko jina.
Mahali fulani mtu mwenye midomo iliyopasuka
alichimba mche mzizini, akauzungushia makumbi mabichi,
na kila magharibi akaunywesha funda la maji
kabla ya mwanawe.

Sijui kama ni kabla ya mwanawe.
Hilo nimeliongeza mimi.

Ndipo Shaame, anayekaa dirishani,
asiyeuliza kitu tangu muhula uanze:
"Na waliokikosa kisiwa?
Ramani yao ipo?"

Kila mmoja anajua mama yake alipanda meli gani.
Hakuna anayetazama upande wake.
Hadia anajifuta utomvu kwenye sketi, anajifuta tena.
Nimesoma vitabu vitatu kwa ajili ya somo hili
na habari zote nilizozikuta humo zimeanzia ufukweni,
kwa mtu aliyekwisha kushuka.

Kengele. Wametimka.

Narudi ndani kukusanya uharibifu wangu,
namkuta kachutama.
Kachukua chelewa moja, ndefu kuliko zote,
kaifunga upande mmoja tu;
inatoka nje ya ramani, inapita mguu wa dawati,
inaelekea mlangoni.
Mwishoni hakuweka simbi.

"Huyu hakupotea, Mwalimu," anasema, haniangalii.
"Kachelewa."

Alasiri Bi Kazija kaja kutaka ufagio wake.
Nimempa pesa anunue mwengine,
nikamwomba afagie kwengine kote,
hapa mlangoni
apaache.