Maelekezo ya Njia ya Kibirizi

Anzeni pale reli inapoishia,
pale ambapo hata treni imekubali kwamba imefika.
Msije saa nne. Njooni alfajiri,
jua likiwa bado nyuma ya vilima vyetu
likiwasha Kongo kwanza, ng'ambo,
na sisi huku tukiwa na kivuli cha bure
mpaka saa mbili hivi.

Njia haina kilima. Nalisema hilo mapema
kwa sababu mji huu wote ni kupanda na kushuka,
na kutoka kwetu Mwanga kuja ziwani
pacha wangu Bukuru huteremka kwa makalio,
magongo yakining'inia shingoni,
akimlaumu kwa upole aliyebuni milima.

Hatua mia mbili za mwanzo ni changarawe.
Nilizihesabu mimi, Butoyi, kwa miguu yangu.
Bukuru akazihesabu kwa yake:
mia tatu arobaini na moja.
Tumeandika zote mbili.

Kisha ukuta wa ghala, mkono wa kulia.
Mwalimu Nyabenda, ambaye haoni,
huupapasa kwa vidole viwili kama anayesahihisha madaftari.
Ukuta umekwisha, husema,
pale harufu ya mawese inapoachia
na ya dagaa inaposhika.
Hajakosea hata siku moja.
Mimi mwenye macho niliwahi kupita mlango.

Gwasa ana pumu. Ana miaka tisa.
Gwasa akisema tupumzike, sote tuna pumu.
Tunakaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa,
tunasikia maji yakigonga mawe, taratibu,
na hakuna anayetazama saa.

Pabaya ni pamoja tu: mchanga wa mwaloni.
Mguu huzama ukatoka;
gongo huzama likabaki.
Jumamosi ya kwanza tulirudia hapo,
Bukuru kimya, mimi nikisema sana.
Jumamosi ya pili tulikuta mbao zimetandikwa,
saba, za mtumbwi mkuukuu,
misumari imegongwa ikalala.
Mama Nahimana alikuwa ameinama anageuza dagaa wake.
Hakuinua kichwa.
"Mtumbwi huo ulituzamisha mara mbili," alisema.
"Acha sasa ubebe mtu nchi kavu."
Ukipita, msalimie. Sema mwakeye.
Usikanyage nyavu.

Mwisho wa njia ni jiwe jeupe kwa ndege.
Si lazima ulifikie.
Aliyeishia ghalani ametembea.
Aliyeishia kwenye changarawe, akakaa, akatazama, akarudi,
huyo naye tunamwandika.

Bukuru alikwea michikichi miaka kumi na saba
kabla mmoja haujamwachia.
Anasema kule juu ziwa lote lilikuwa lake
na hakuwahi kulitazama;
alikuwa akitafuta mikungu iliyoiva.
Anasema hivyo halafu anacheka,
halafu hacheki.
Mimi sina la kuongeza. Nilikuwa chini siku ile,
nimeshika kapu.

Jumamosi iliyopita, tukirudi,
tulimkuta mtoto amechutama ukingoni,
pale maji yanapolowesha mchanga ukawa mgumu,
anazifuata alama zetu kwa kidole:
wayo mmoja, nukta mbili,
wayo mmoja, nukta mbili,
na wimbi lilikuwa limeshakula za mbele.
"Huyu mnyama gani?" akauliza.
Nikafungua mdomo.
Bukuru akaniwahi:
"Wa mchikichini. Siku hizi anaishi chini."
Mtoto akafikiri.
"Anauma?"
"Akicheleweshewa chai."

Chai ipo kwa Mama Nahimana, nyuma ya vichanja.
Beba kikombe chako, vyake ni vinne.
Jumamosi ijayo tunaanza saa kumi na mbili na nusu.
Mvua ikinyesha, tunaanza ikikatika.
Gongo la ziada lipo,
limeegemezwa kwenye nguzo ya mwisho ya reli.
Ni fupi kidogo.
Tutatembea hivyo hivyo.