Redio Imesema Jua

Jumatatu, chai bado haijachemka,
redio ikasema: kuanzia Alhamisi, joto.
Si joto la kawaida, akasema yule kijana
mwenye sauti ya mtu aliyelala vizuri.
Nyuzi thelathini na mbili. Kunyweni maji.
Wafunikeni watoto vichwa.
Bekunda alicheka hadi mswaki ukamtoka mdomoni.
"Kabale hii? Kabale ya sweta mbili?"

Mimi sikucheka. Mimi nina meza sokoni,
na mwenye meza humsikiliza hata mwongo.
Nikamtumia Kyarisiima pesa kule Owino:
nichagulie robota la nguo nyepesi,
gauni za mikono mifupi, kaptura,
fulana nyembamba kama ngozi ya kitunguu.
Sweta nikazikunja, nikazisukuma uvunguni
kwa aibu kidogo, kama ninawafukuza wageni
walionilipia karo ya watoto miaka tisa.

Jumanne, mvua.
Halafu jua la robo saa, halafu mvua ya mawe,
halafu upinde, kana kwamba kuna aliyeomba msamaha.
Ruhindi jirani alianika mtama wake kwenye turubai,
akauanua, akauanika, akauanua,
na kabla ya adhuhuri alikuwa amewatukana
mawingu, redio, na mkewe aliyenyamaza.
Jua letu ni mdeni:
hukulipa mia mbele ya watu
likarudi usiku kukukopa elfu.

Lakini neno lilikwisha kuenea.
Fundi wa baiskeli alinyoa ndevu.
Duka la Orishaba likaleta feni, moja,
ikawekwa dirishani, na watoto wa shule
wakasimama kuitazama inavyozunguka,
mikono yao mifukoni.

Jumatano usiku mama mkwe aliniita chumbani.
Ana koti la marehemu mumewe, zito, la kijivu;
sijawahi kumwona bila hilo koti
tangu siku nilipoletwa nyumba hii.
Akauliza kwa sauti ya chini, Bekunda asisikie:
"Hilo joto wanalolisema,
je, linafika kwenye magoti?"
Nikasema linafika.
Sikujua. Nikasema linafika mpaka kwenye mfupa.
Akaniagiza nisogeze kigoda chake
kwenye ukuta wa mashariki, usiku huohuo,
asije akachelewa.

Sikulala. Nilisikiliza bati.
Bati hujua kabla ya redio:
likipanuka hulia *ta*, likinywea hulia *ti*.
Usiku kucha halikusema kitu.

Alhamisi, saa kumi na mbili na nusu, ukungu.
Ukungu wa kukata kwa panga.
Nilimkuta tayari yuko kigodani,
uso ameuelekeza kule ambako pangekuwa na kilima,
na vifungo viwili vya koti, vya juu,
amevifungua,
kama mtu aliyeacha mlango wazi
mgeni asibishe hodi.
Sikumwambia arudi ndani.
Nilimletea uji wa moto, nikaondoka.

Sokoni nilitundika gauni la njano mbele kabisa.
Wapita njia walilitazama
wanavyomtazama mlevi wa asubuhi.
Saa tatu akaja mwanamume kutoka Kisoro,
midomo imepauka, akaomba sweta.
Nikamwambia sweta hakuna, leo ni joto.
Akatazama ukungu. Akanitazama mimi.
"Na hiyo uliyovaa, bei gani?"

Nilitaja bei ya mtu asiyetaka kuuza.
Akalipa.
Basi nikaivua, hapo hapo, mbele za watu,
nikabaki na mikono mitupu, vinyweleo vimesimama,
gauni la njano likinipapasa bega.

Akaniuliza kama kweli litakuja.
Nikamwonyesha kwa kidevu upande wa Makanga:
pale ukungu ulikuwa mweupe zaidi,
au labda ni macho yangu.
Nikahesabu noti zake mara mbili
kwa vidole vilivyokufa ganzi.